Neno Lililopotea Katika Waya: Maelezo kwa Wenye Kunasa Hotuba kwa Kompyuta



Aghalabu kurasa za kijitabu hiki huwa ni za hotuba zenyewe, na mwenye kuzihitaji zaidi huwa ni khatibu. Kurasa hizi chache ni za yule mtu wa pili, akaaye nyuma ya safu ya mwisho au katika kijichumba cha pembeni, mbele ya kompyuta, naye ndiye mwenye kuinasa hotuba ipate kupelekwa redioni. Kazi yake haionekani mpaka iharibike. Nimeona yafaa kueleza habari ya kigeuzi cha sauti, yaani kile kisanduku kidogo kinachopokea sauti ya kipaza sauti na kuipeleka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na jinsi ya kuzitafuta kasoro za maungano hayo. Sababu ya kuyaeleza ni jambo lililotokea Nyololo.

Nyololo, kwa wasiopajua, pamo wilayani Mufindi, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya mpaka Zambia, baina ya Mafinga na Makambako. Hapo ndipo inapojitenga njia ya kwendea Igowole, upande wa mashamba ya chai. Shehe mmoja wa hapo alikuwa amehutubia juu ya mirathi. Hotuba ilinaswa, faili ikawekwa tayari kupelekwa katika idhaa moja ya mkoani, na jioni ile Shehe akaomba aisikilize kwanza. Alipofika katikati akainua mkono.

"Rudisha," akasema. Kijana akarudisha. Shehe akasikiliza tena, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikusema hivi."

Alikuwa amesema kwamba mwenye kumuua jamaa yake hatarithi mali yake. Katika faili lilisikika neno "atarithi". Palikuwa na mdato mdogo, kama wa ukuni mbichi motoni, na ndani ya mdato ule ilikuwa imekwenda herufi moja tu, nayo ni pumzi.

Hapa yatupasa tutue kidogo. Lugha yetu huweka kanusho lake mwanzoni kabisa mwa neno, na mara nyingi kanusho hilo lote ni silabi moja au pungufu ya silabi. Atalipa na hatalipa, ataruhusiwa na hataruhusiwa: baina ya amri na katazo pana sauti ambayo katika usemi wa kawaida haidumu hata sehemu ya kumi ya sekunde. Msikilizaji aliye mbali, mwenye redio juu ya kabati na sufuria motoni, hatajua kwamba pamepotea kitu, bali atadhani ndivyo Shehe alivyosema. Kwa hiyo mdato usemwe kuwa ni "kelele ndogo tu" na mtu mwingine, lakini asiuseme hivyo mwenye kunasa hotuba.

Katika siku za Radio Tanzania Dar es Salaam, sauti ilinaswa kwa utepe wa sumaku. Utepe ulikuwa na taabu zake, lakini ukikatika fundi aliuona umekatika, akauunga. Siku hizi sauti ni hesabu. Kipaza sauti hutoa umeme mdogo unaopanda na kushuka kama ipandavyo na kushuka sauti yenyewe, na kigeuzi huupima umeme huo, aghalabu mara 48,000 katika kila sekunde, na kila kipimo hukiandika kuwa nambari. Ikiwa kila nambari ni ya biti 24, na njia za sauti ni mbili, kuume na kushoto, basi katika sekunde moja hupita biti 2,304,000. Hesabu hiyo yaonekana kubwa, lakini kwa USB ni mzigo mwepesi: mtindo wa pili wa USB, uliotangazwa mwaka 2000, umewekewa mwendo wa biti milioni 480 kwa sekunde. Basi njia si nyembamba hata kidogo. Kwa nini, basi, maneno hupotea?

Nilipofika Nyololo swali la kwanza niliuliza juu ya waya. Kijana akanijibu kwa yakini, "Waya ni mzima, Ustadhi. Jana nimenakilia picha za harusi kwa waya huu huu, na hakuna hata moja iliyoharibika."

Alisema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyompoteza. Kompyuta inaponakili picha kwa USB, kila fungu la hesabu huja na alama ya kulikagua. Fungu likifika limeharibika, kompyuta hulikataa, na fungu lile lile huletwa tena, hata mara kadhaa, mpaka lifike salama. Mambo haya ni kama barua ya rejista: ikichelewa itachelewa, lakini itafika. Sauti haipelekwi hivyo. Sauti hupelekwa kama basi lenye saa yake. Katika kila sehemu ya elfu ya sekunde, na kwa vifaa vya mwendo mkubwa hata mara nane ndani ya sehemu hiyo, huondoka basi moja limechukua vipimo vyake. Katika kipimo cha 48,000, kila sehemu ya elfu ya sekunde ina vipimo 48. Basi likipata ajali njiani halirudishwi, kwa kuwa linalofuata limekwisha kuondoka, na abiria wake ni wa wakati mwingine. Kompyuta haiombi tena kilichopotea. Huacha pengo, na pengo hilo ndilo mdato.

Kwa hiyo waya wenye kasoro kidogo waweza kunakili picha elfu pasipo dosari, ilhali huo huo ukaila hotuba. Kuujaribu waya kwa kunakili faili si jaribio la sauti. Jaribio la sauti ni sauti.

Waya wa Nyololo ulikuwa wa mita tatu, nao umeungwa na mwingine wa kurefushia wa mita tano, kwa sababu kigeuzi kiliwekwa karibu na mimbari na kompyuta ilikuwa katika chumba cha nyuma. Jumla ni mita nane. Kanuni za mtindo wa pili wa USB haziruhusu waya kuzidi mita tano baina ya kifaa na kompyuta, wala kuunga waya mbili hakuongezi ruhusa hiyo. Tena waya ulipita chini ya mkeka, mahali ambapo kila Ijumaa safu nzima ya watu huukanyaga. Nilistaajabu kwamba kilichopotea kilikuwa herufi moja tu.

Dawa yake haikugharimu fedha nyingi. Kigeuzi kilihamishwa kikawekwa mezani kando ya kompyuta, kwa waya mfupi wa mita moja, na urefu wote ukapewa waya wa kipaza sauti. Waya wa kipaza sauti wenye miguu mitatu, ule unaopeleka sauti kwa nyuzi mbili zilizofunikwa na ya tatu ya kuzikinga, waweza kwenda makumi ya mita bila madhara. Kanuni hii ikumbukwe na kila msikiti na kila ukumbi: waya wa USB uwe mfupi, waya wa kipaza sauti ndio uwe mrefu. Watu wengi hufanya kinyume chake, kwa kuwa yapendeza kuona kisanduku chenye taa karibu na msemaji.

Maadamu tungali katika habari ya waya, liko jambo jingine litaabishalo wengi. Ndani ya waya wa kawaida wa mtindo wa pili mna nyuzi nne: mbili za umeme, ambazo aghalabu ni nyekundu na nyeusi, na mbili za habari, nyeupe na kijani. Nyaya nyingine ziuzwazo pamoja na vifaa vya kuchajia simu hazina zile mbili za habari. Ukiunga kigeuzi kwa waya wa namna hiyo, taa yake itawaka vizuri, nawe utasema kifaa kinafanya kazi, lakini kompyuta haitakiona abadani. Taa hushuhudia umeme peke yake. Mtu aweza kupoteza siku nzima akiisumbua kompyuta kwa kosa lisilo lake. Basi kifaa kikiwaka na kisionekane, badilisha waya kabla ya kugusa jambo lolote jingine, na uuweke ule mzuri mbali na nyaya za simu, umefungwa utepe wenye alama.

Umeme wenyewe nao una mpaka. Mlango wa USB wa mtindo wa pili hutoa voti 5 na mkondo usiozidi miliampea 500. Ule wa mtindo wa tatu, ambao mara nyingi hupakwa rangi ya samawati, huruhusiwa kutoa miliampea 900. Kigeuzi kinachotegemea umeme huo huutumia kwa kazi zake zote, pamoja na kuuinua mpaka voti 48 kwa ajili ya vile vipaza sauti visivyofanya kazi bila kulishwa umeme. Ukibonyeza kitufe cha voti 48 na papo hapo kigeuzi kikazimika na kuwaka tena, au kompyuta ikatoa ule mlio wake wa kifaa kutoka na kuingia, jua umeme haukutosha. Sababu iliyo ya kawaida ni kigawanyio kisicho na umeme wake chenyewe, ambamo kipanya, diski na kigeuzi vyote vyanyonya mlango mmoja. Kigeuzi kiungwe na kompyuta moja kwa moja, na vigawanyio viachiwe vipanya.

Kutoka na kuingia huko kuna hatari iliyofichika, nami naiogopa kuliko mdato. Kigeuzi kikitoka kwa nukta moja, kompyuta nyingine huamua yenyewe kusikiliza kwa kipaza sauti chake kidogo kilichomo ndani ya kioo. Unasaji waendelea, mistari yachezacheza, na mwenye kunasa ameridhika, kumbe ananasa kikohozi cha jirani yake na malori yapandayo barabarani. Njia ya kulijua hili ni nyepesi: mtu mmoja akune kwa ukucha wavu wa kipaza sauti cha mimbari, kisha akune kioo cha kompyuta. Ule mkuno utakaosikika kwa nguvu ndio utakaokwambia ukweli. Na ikiwa hakisikiki chochote, ingawa kigeuzi kimo katika orodha ya vifaa, basi tazama ndani ya Windows kama programu zimeruhusiwa kutumia kipaza sauti, kwa kuwa ruhusa hiyo yaweza kufungwa, nayo huhesabu kigeuzi kuwa ni kipaza sauti.

Baada ya kuhamisha kigeuzi pale Nyololo tulinasa nusu saa ya usomaji. Midato iliyokuwa mingi ikawa miwili. Kijana akafurahi, mimi sikufurahi. Waya ulikuwa na hatia, lakini hakuwa mhalifu peke yake.

Kompyuta ina shughuli nyingi zisizoonekana, na basi la sauti likifika likute mlango umefungwa, abiria hupotea vile vile. Kwa hiyo kompyuta hutenga chombo cha kungojea, ambacho mafundi hukiita bafa, na ukubwa wake huchaguliwa katika programu ya kunasia. Bafa ya vipimo 128 hudumu chini ya sehemu tatu za elfu ya sekunde. Ya vipimo 1,024 hudumu sehemu 21 za elfu. Waimbaji hupenda bafa ndogo, ili wajisikie papo hapo katika vikinga masikio wanapoimba. Khatibu hajisikilizi katika kompyuta, basi hana haja nayo. Iwekwe 1,024 au hata zaidi, kompyuta ipate nafasi ya kuvuta pumzi.

Ile ya Nyololo ilikuwa imewekwa 128, sijui kwa shauri la nani. Tena ilikuwa kompyuta mpakato iliyopangwa kubana umeme, mpango ambao hupunguza mwendo wa kompyuta na hata huweza kuilaza milango ya USB. Tena ilikuwa imeunganishwa na intaneti kwa mawimbi ya hewa, ikijiletea masahihisho ya programu zake wakati ule ule. Tulizima intaneti, tukaondoa mpango wa kubana umeme, tukaikuza bafa; lakini tulifanya jambo moja moja, na baada ya kila jambo tukanasa tena nusu saa. Najua yachosha. Mwenye kubadilisha mambo matatu kwa pigo moja huenda akapona leo, lakini kasoro ikirudi mwezi ujao hatajua ilitoka wapi. Midato miwili ikaisha tulipozima intaneti.

Katika kompyuta za zamani, ambazo bado ni nyingi katika wilaya zetu, kuna sababu nyingine ya kifaa kukataliwa. Kanuni za kwanza za kupitisha sauti katika USB ziliandikwa mwaka 1998, na za pili mwaka 2006. Vigeuzi vingi vya sasa vyafuata zile za pili. Windows haikuzielewa hizo za pili yenyewe mpaka mwaka 2017, katika toleo la Windows 10 la mwaka huo. Kompyuta yenye Windows 7 au 8 itahitaji kuwekewa programu ya kukiendesha kigeuzi, itolewayo na mtengenezaji wake, na mtengenezaji asipoitoa hapana waya utakaosaidia. Kabla ya kununua kigeuzi, uliza jambo hili dukani.

Liko kosa ambalo halina mdato wala ukimya. Sauti husikika safi, lakini Shehe amekuwa mzito, kama aliyeamshwa usingizini. Hapo tazama hesabu ya vipimo. Diski za muziki, tangu zilipoingia sokoni mwaka 1982, hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde. Kazi za picha na utangazaji aghalabu hutumia 48,000. Kigeuzi kikipima kwa 48,000 na programu ikadhani ni 44,100, hotuba ya dakika 30 itakuwa ya dakika 32 na sekunde 39, na sauti itashuka. Ikiwa kinyume chake, itakwisha katika dakika 27 na sekunde 34, na khatibu atasikika kama kijana mwenye haraka. Chagua 48,000, na uhakikishe imeandikwa hivyo mahali pote patatu: katika kigeuzi, katika mipango ya sauti ya kompyuta, na katika programu ya kunasia.

Ama mvumo usiokoma, ule mzito wa umeme wetu ambao hukamilisha mzunguko wake mara 50 kwa sekunde, huo si wa hesabu zilizopotea. Chomoa chaja ya kompyuta, uiache itumie betri yake. Mvumo ukikoma papo hapo, sababu ni kwamba kompyuta na amplifaya zimeunganishwa na ardhi kwa njia mbili, na umeme mdogo wazunguka baina yao kupitia waya wa sauti. Vyote vichomekwe katika soketi za mahali pamoja, au hotuba inaswe kwa betri iliyojazwa. Nimewaona watu wakiung'oa mguu wa ardhi katika plagi ili mvumo uishe. Mvumo huisha kweli, lakini kinga ya uhai nayo huondoka pamoja nao, na kipaza sauti cha chuma mkononi mwa mtu aliyetoka kutawadha si mahali pa kubahatisha. Msifanye.

Na kabla ya kuilaumu USB kwa lolote, sikiliza kasoro hutokea wakati gani. Ikiwa sauti yapasuka pale tu khatibu anapoinua sauti yake, na katika maneno ya taratibu ni safi, basi kosa ni la kipimo kuwekwa juu mno. Taa nyekundu ya kigeuzi isiwake kamwe. Jambo hili ni dogo, nami nimekwisha kusafirishwa mbali kwa ajili yake.

Yote haya hayana budi kufanywa kabla ya adhana. Khatibu akiwa juu ya mimbari, waliohudhuria wameamriwa kunyamaza na kusikiliza, na mwenye kunasa naye ni mmoja wao. Hana ruhusa ya kumwuliza mwenzake wala kuchezea waya chini ya mkeka. Kwa sababu hiyo tulikubaliana pale Nyololo kwamba jaribio litakuwa Alhamisi, kwa muda mrefu kama hotuba yenyewe, si kwa kusema "moja, mbili, moja, mbili" na kwenda zetu.

Alhamisi ile, baada ya Alasiri, kulikuwa na baridi na ukungu, na malori yalikuwa yakipita taratibu. Shehe alipanda mimbarini mbele ya msikiti mtupu akalisoma lile fungu la mirathi tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha akalisoma mara ya pili na ya tatu. Tulikaa katika chumba cha nyuma, yeye, kijana, muadhini na mimi, tukaisikiliza faili nzima, na kijana akatia alama ya kalamu penye kila "hatarithi". Zote zilikuwamo. Shehe akamwambia aifute ile ya Ijumaa iliyopita, naye akaifuta mbele yetu.